Siki Isiyotiwa Kitu

Gasana alinipigia simu asubuhi nikiwa nachuja rangi, na kwa kuwa Gasana si mtu wa kupiga simu asubuhi, nilijua kuna jambo. "Dada Hadija," akasema, "Mzee Saidi ametuacha." Nikakaa kwenye kigoda, kitambaa cha kuchujia kikanidondokea miguuni. Mimi ni mtu wa maneno, kila anayenijua atakwambia, lakini asubuhi ile niliuliza tu wanazika saa ngapi. Mzee Saidi hakuwa baba yangu wala mjomba wangu. Alikuwa fundi seremala wa Gisozi, hapa Kigali, aliyeniajiri kupiga msasa na vanishi kwa mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na mbili, na mwaka huo ndio ulionifanya leo niitwe msanii. Wageni wakija kwangu wakaona picha ninazochora kwa divai, huuliza nilisomea wapi. Nikiwajibu kwamba nilisomea Gisozi, kwenye vumbi la mbao, hucheka wakidhani natania. Basi nawasimulia kisa chenyewe, na nakisimulia vizuri, wanashika mbavu. Lakini kuna kipande kimoja nimekuwa nikikiruka miaka yote hii. Hapa sitakiruka.

Nilipofika msibani wanaume walikuwa wamekwisha kwenda kuzika. Nyumba ilijaa wanawake, mikeka imetandikwa mpaka uani, sufuria za wali ziko jikoni zinafuka. Mjane wake, Mama Sofia, alinishika mkono akaung'ang'ania, mkono wake mkavu na wa moto. Nilitegemea anilaumu kwa kupotea, na haki angekuwa nayo. Badala yake akaninong'oneza, "Usiondoke kabla hatujaongea. Kuna vitu vyako huku nyuma." Nikamuuliza vitu gani, mama. "Wewe kaa kwanza ule," akasema, akageukia wengine. Nikakaa. Vitu vyangu? Nilipoondoka Gisozi niliondoka na mkoba na kanga mbili. Nilikula wali ule bila kuusikia ladha, na huku nakula, mwaka ule ukaanza kurudi wote, na harufu yake ya gundi.

Karakana ya Mzee Saidi ilikuwa chumba cha mabati ubavuni mwa kilima, kirefu kuliko upana wake, na mvua ikinyesha hatukusikizana. Upande wa kushoto walikuwa wachomelea vyuma, na kati yetu na wao kulikuwa na bati moja tu, kwa hiyo ugomvi wao ulikuwa ugomvi wetu na nyimbo zao nyimbo zetu. Randa zilining'inia ukutani kwa ukubwa wake. Mkebe wa misumari ya zamani, ile iliyong'olewa kwenye mbao kuukuu ikanyooshwa, ulikaa mlangoni ukiota kutu. Kona ya ndani kabisa haikuwekwa kitu: palikuwa na mbao mbili pana zilizofagiliwa kila saa, na mkeka umeegeshwa. Hapo tuliswali adhuhuri, Mzee na mafundi mbele, mimi nyuma yao. Baada ya swala tulilaza ubao juu ya vigogo viwili tukala, maharage na chapati siku nyingi, sombe ya majani ya muhogo yenye karanga tukibahatika, na Ijumaa pilau ya Mama Sofia ambayo mpaka leo sijaona wa kuishinda. Mzee Saidi alikula polepole kama alivyofanya kila kitu. Kiswahili chake kilikuwa cha wazee wa Biryogo, cha watu ambao babu zao walitoka Ujiji na mizigo yao, na hakuvumilia kusikia mtu akikikatakata. Mimi alinivumilia mengi. Nilikuwa na mikono mizuri na kichwa kigumu, na kila siku aliniambia neno lile lile: "Hadija, ubao hauna haraka. Haraka ni yako."

Siku moja tulipeleka meza ya chakula Nyarutarama, kwenye nyumba kubwa ya Madamu mmoja aliyekuwa amerudi nchini kutoka Ulaya. Uso wa meza tulikuwa hatujaupaka vanishi, maana njiani ungechubuka, nikabaki pale niumalizie. Madamu alikuwa na wageni barazani. Mmoja akaja kuitazama meza, akaweka bilauri ya divai nyekundu juu yake huku anaisifu, na kwa kiwiko chake mwenyewe akaiangusha. "O, pardon!" akasema, akarudi barazani kama mtu aliyemwaga maji. Mimi nikaruka na kitambaa. Halafu nikasimama. Divai ilikuwa imekimbia na mishipa ya ule ubao mweupe ikatengeneza mgongo, na pembeni ya mgongo mkono, na mbele ya mkono ungo. Haki ya Mungu, alikuwa mwanamke ameinama anapeta. Alikosa kichwa tu. Nikachovya kidole kwenye divai iliyobaki nikamwekea kichwa. "Unafanya nini?" Mzee Saidi akauliza nyuma yangu. "Nafuta, mzee," nikasema. Nikapiga msasa mpaka kiganja kikawaka moto, lakini yule mwanamke alikuwa ameshaingia ndani ya ubao, na ndani ya kichwa changu pia.

Hapo ndipo tulipojuana na Gasana. Alikuwa dereva wa nyumba ile, kijana wa Kikatoliki mwenye kucheka hata peke yake. Nilimwomba mabaki ya chupa, akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka miguuni. "Wewe? Divai?" Nikamwambia ni ya kuchorea. Akacheka mpaka akashika mlango wa gari. Lakini wiki iliyofuata alileta chupa tatu zimefungwa gazeti. "Madamu amesema nimwage," akasema. "Mimi nikasema oya, hapana, kule Gisozi iko mtu atalia." Nikaanza kuchora nyuma ya karakana saa ya mapumziko, kwenye vipande vya mbao vilivyobaki. Nilikuwa nachora tangu zamani kwa penseli ya seremala, lakini hii ilikuwa kitu kingine. Divai haikubali amri. Mkono wa kwanza wa rangi unatoka waridi hafifu, unadhani umekosea; wa tano ni zambarau; wa kumi unakaribia damu ya mzee. Ukilala ukaamka, zambarau imekwisha kuwa kahawia, kwa hiyo unachora picha ya kesho wala si ya leo. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pete. Sikufikiria dini hata kidogo. Nilikuwa sinywi, basi, sikuona neno.

Mzee Saidi aliona. Au tuseme alinusa. Aliingia kutoka nje akasimama katikati ya karakana, akanusa kama anayetafuta panapovuja. "Hadija. Hii harufu ni ya nini?" Nikasema ni rangi. "Rangi gani?" Nikasema ya divai. "Astaghfirullah!" Sauti ile hata wachomelea vyuma waliisikia. "Na mikono hiyo unashika mbao tunazosujudia?" Damu yangu ilikuwa moto siku zile, nikamjibu kwamba sijanywa hata tone, aninuse kinywa akitaka. "Sijasema umekunywa," akasema, sasa kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko kelele. "Nimesema tunasujudia hapo." Akanipa ndoo na sabuni, nikaosha sakafu nzima, ubao kwa ubao. Nilikuwa na hakika Jumamosi nitaambiwa nisirudi.

Badala yake Ijumaa alirudi kutoka msikitini, akanikalisha kwenye kigogo akasema amemuuliza maalimu. Nilishangaa. Mtu mzima, mwenye ndevu nyeupe, amekwenda kumuuliza maalimu habari za michoro ya msichana wa msasa. "Divai ni najisi," akasema, akihesabu kwa vidole. "Lakini ikigeuka siki yenyewe, imetakasika, ni halali hata kutia kwenye kachumbari. Yenyewe, unanisikia? Ukiiharakisha kwa kutia kitu ndani, hata punje ya chumvi, haitakasiki. Kuihamisha kutoka kivulini kwenda juani, ruhusa. Kutia kitu, hapana. Basi, ukitaka rangi yako, utangoja." Nikauliza nitangoja muda gani. "Mpaka igeuke," akasema, kama vile hilo ni jibu.

Akatengeneza rafu kwa mikono yake, nje, ukutani, mbali na kona ya swala. Tukafunga midomo ya chupa kwa vipande vya kitenge changu kilichochakaa, hewa iingie na nzi wasiingie. Asubuhi alizitoa juani moja moja, amezishika kwa kitambaa asiziguse kwa mkono, na jioni akazirudisha. Mzee huyo huyo aliyesema astaghfirullah! Wachomelea vyuma walipata la kusema mwezi mzima. "Kwa Saidi siku hizi iko baa," mmoja alipayuka nyuma ya bati, na Mzee, msumeno mkononi, akajibu bila kuinua kichwa, "Ni siki!" Likawa jina letu. Tukipita, watoto wa mafundi wanaita: ni siki!

Halafu likazuka tatizo ambalo, nadhani, halijawahi kuwapata wachoraji wa Ulaya. Tutajuaje kama imegeuka? Mimi sijawahi kuonja divai, Mzee Saidi hajawahi kuionja, na kuionja ili kujua kama ni haramu bado ndiyo haramu yenyewe. Tulisimama mbele ya rafu tunatazamana. Kunusa hakukusaidia, kwetu sisi zote zilinuka vibaya. Ikabidi aitwe Gasana. Kila Jumamosi mchana alipita na gari la Madamu, akashuka amenyoosha shati kama hakimu, akamiminiwa kidogo kwenye kifuniko, akafumba macho. Mzee Saidi alisimama pembeni, mikono nyuma, akingoja kwa heshima zote. "Bado," Gasana anasema. "Bado iko nzuri." Na Mzee anasikitika kweli kweli: "Bado nzuri, lo!" Ilikwenda hivyo wiki baada ya wiki, mpaka Jumamosi moja Gasana akakunja uso wote, akatema mpaka kwa jirani, "Oya, oya, oya! Hii imekufa kabisa, mzee!" Mzee Saidi akainua mikono, "Alhamdulillah!" na wachomelea vyuma nyuma ya bati wakapiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi matamu kuliko yale, na nimepigiwa mengi.

Picha ya kwanza ya siki niliichora ndani ya karakana, ubao amenipa yeye, amenipigia randa yeye. Nilikuwa najiamini sana, na sikuwa nimekosea kujiamini. Nilichora wanawake watatu wanateremka kilima, bila macho wala midomo, maana nilijua angeguna. Akaitazama muda mrefu. "Huyu wa mwisho amechoka," akasema. Kwangu ilitosha. Gasana akaomba aibebe garini akaoneshe kwao, na Madamu akaiona. Siku ya tatu akaja mwenyewe Gisozi, viatu vyake virefu vinazama kwenye vumbi la mbao, akataka picha kubwa ya ukuta unaoitazama ile meza. Alikuwa anaandaa chakula cha mchana Jumapili moja, baada ya wiki tano, na miongoni mwa wageni kutakuwa na watu wenye ukumbi wa maonyesho mjini. "Wakuone, Hadija," akasema. "Ils doivent te voir." Mzee Saidi akamweleza, kwa fahari ambayo alijaribu kuificha, jinsi kila chupa inavyongojewa na isivyotiwa kitu. Baada ya Madamu kuondoka, akatoa nyuma ya mbao mlango mkubwa wa msonobari, uliokataliwa na mteja kwa sababu ulipinda kidogo. "Chora hapo," akasema.

Niliamua kuchora chakula chetu cha mchana: ubao juu ya vigogo, watu sita wamekaa, na Mzee Saidi katikati, mgongo wake na kofia yake. Wiki mbili za mwanzo nilikwenda kama maji. Kisha siki ikaisha. Kwenye rafu zilibaki chupa nne, na Gasana alizionja zote akasema bado, tena moja aliisifu. Zikabaki wiki tatu, halafu mbili na nusu. Mlango ulikuwa na watu sita wa waridi wanaoelea hewani, hawana kivuli, hawana uzito, kama waliofuliwa. Nilihitaji nyeusi. Nilizitoa zile chupa juani mwenyewe alfajiri, nikazitukana. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nafasi yangu inakuja Jumapili, na inazuiliwa na chupa zinazokataa kuharibika!

Siku Mzee Saidi alipokwenda Muhima kununua bawaba, nilifanya jambo lenyewe. Nilikuwa nimewahi kumwona akitia weusi kiti cha mteja kwa siki ya dukani iliyolowekwa misumari, kwa hiyo nilijua. Nilichukua mkebe wa misumari ya kutu, nikaumimina kwenye debe, nikafungua chupa mbili ambazo bado, nikazimwaga juu yake. Nikaficha debe nyuma ya mbao. Baada ya siku tatu nikaichuja, na jamani, sijui niseme nini. Ilikuwa nyeusi ya kina, nyeusi yenye zambarau chini yake, nyeusi niliyokuwa naitafuta bila kujua kwamba ipo. Nikairudisha misumari mkebeni, nikaimimina rangi kwenye zile chupa mbili, nikafunga kitenge. Gasana alipokuja nikamvuta pembeni, nikamwambia akiulizwa aseme zimegeuka. "Dada, mimi usinitie kwenye mambo ya dini yenu," akasema, hacheki. Lakini alipoulizwa alitazama chini akasema, "Zimegeuka, mzee."

Nilimaliza siku nne kabla ya Jumapili. Nitasema bila haya: ule mlango ni kazi nzuri, na nilijua hivyo nilipoweka brashi chini. Watu sita walikuwa wamekaa kweli, ubao unawalemea, kivuli cha Mzee Saidi kinaanguka juu ya sahani ya jirani yake. Mzee akaja kutazama. Mwanzo akatabasamu. "Huyu ni mimi," akasema, akagusa kofia yake kichwani. Halafu akainama kwenye kile kivuli, akakwaruza kidogo kwa ukucha wa kidole gumba, akautazama ukucha. "Hii nyeusi umeipata wapi?" Nikasema kwenye siki. "Uliitia nini?" Macho sikuyapepesa. "Sikutia kitu."

"Hukutia kitu," akasema. Akaenda kwenye kona akachukua mkeka, akaukunja, akatoka nao akaenda kuswali kwa wachomelea vyuma. 

Kama angenifokea, ningejibu, tungeelewana. Hakufoka. Kesho yake alinisalimu, akanimiminia chai, akanionesha namna ya kufunga mlango kwa blanketi usichubuke njiani. Lakini mkeka haukurudi. Kila adhuhuri aliuweka kwapani akatoka, na mbao mbili za kona zikaanza kushika vumbi, na mimi nikapita mbele ya kona ile nikijitia hamnazo. Neno lenyewe lilikuwa moja, misumari, na mzee yule angelisikia akalisamehe kabla chai haijapoa. Nilikuwa na kiburi. Nilijiambia nitasema baada ya Jumapili.

Jumapili ikawa kama nilivyoiota. Mlango ulisimamishwa ukutani na wageni wakasimama mbele yake na sahani zao za kuku na parachichi, wanaelekezana kwa uma. Mzee Saidi alialikwa. Alituma salamu kwamba ana kazi. Nilikaa karibu na dirisha, sahani magotini, nikamsikia Madamu nyuma yangu akiwaambia watu wa ukumbi, kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa ndani, "Kila chupa wanaingoja igeuke yenyewe. Hawatii kitu. Rien! Wanangoja tu." Na mmoja akajibu, "Huo uvumilivu unaonekana kwenye ile nyeusi." Nikaweka sahani chini. Lakini waliponiita na kuniuliza kama naweza kufanya maonyesho yangu mwenyewe, nilisema naweza, kwa sauti kubwa, na niliweza. Mwisho wa mwezi nikamuaga Mzee Saidi. Nikamwambia nimepata nafasi mjini. "Mungu akufungulie," akasema, na alimaanisha. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita. "Kwenye rafu kuna chupa mbili hazijageuka." Nikamjibu bila kugeuka vizuri, "Zimwage tu, mzee."

Nyeusi ya misumari ndiyo iliyonipa jina. Leo nanunua divai yangu mwenyewe, naitia misumari, majivu, ndimu, chochote ninachotaka, na nikiulizwa naeleza kwa majigambo, mbele ya umati. Kigali nzima inajua kuhusu misumari. Mtu mmoja tu ndiye ambaye sikumwambia. Nilikutana naye mara mbili barabarani, akaniuliza hali ya kazi, nikamwambia nzuri, nikasingizia haraka. Kila mwaka uliopita ulifanya neno lile kuwa dogo zaidi na zito zaidi, mpaka nikaanza kujiambia kwamba yeye amekwisha kusahau.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, Mama Sofia alinigusa bega. Nikamfuata uani, tukapita jiko, akafungua mlango wa stoo ambayo Mzee aliijenga kwa mabati ya karakana ya zamani. Mwanga uliingia kupitia matundu ya misumari. Ukuta mzima ulikuwa rafu, na rafu zote zilijaa chupa, zimefungwa midomo kwa vitambaa, kila moja ina alama ya chaki. Sikuelewa. Nilizitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa: Gasana, tai amelegeza, viatu vina udongo wa kaburi, nywele zake nazo zimeanza kuwa nyeupe.

"Ni mimi nilikuwa naleta," akasema. "Kila wakibakiza kule, naleta. Yeye anatoa juani, mimi naonja. Dada, tumbo langu sasa iko siki tupu." Akajaribu kucheka, akashindwa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. "Alinikataza. Alisema, 'Hadija atarudi, na akirudi atakuwa na haraka zake zile zile. Azikute tayari, asiwe na haja ya kutia kitu.'"

Nikamgeukia Mama Sofia. Nikamuuliza kama Mzee alijua kuhusu misumari. "Mwanangu," akasema, "alijua hata kabla hajauona ule mlango. Alikwenda kuchukua msumari, akakuta yote nyeusi ti, haina kutu. Akaja nyumbani akaniambia, 'Ataniambia mwenyewe.' Nikasema mwulize basi. Baadaye akaja akasema, 'Nimemuuliza.' Basi. Hakulisema tena."

Nililia. Sitatafuta neno zuri zaidi ya hilo, nililia kwa sauti, nimeshika ubao wa rafu aliyoipiga randa yeye, na Mama Sofia, mfiwa mwenyewe, ndiye akawa ananipangusa. Kisha nikasema, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kusemea: "Niliitia misumari, mzee. Sikungoja." Lilikuwa neno la kawaida kabisa. Lilitoka likaisha.

Mwisho wa rafu ya chini kulikuwa na chupa mbili zenye vumbi kuliko zote. Vitambaa vyake nilivijua kabla sijavigusa, kilikuwa kitenge changu kile kile, ua lake la manjano limefifia. Zilikuwa zile mbili nilizomwambia azimwage. Nikaifungua moja. Gasana, kwa mazoea, akanyoosha mkono aonje. Nikamwambia leo hapana. Nikamimina kidogo kwenye kiganja, mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikasema bismillahi nikaramba.

Ilikuwa kali mpaka machozi yakaanza upya. Ilikuwa siki.